‘Hair’: Mchezo wa roki uliokataa vita vya Vietnam

WENGI wa wale waliopata kusikia habari za mchezo wa ‘Hair’ huukumbuka kwa mambo mawili: wavulana wenye nywele ndefu na waigizaji waliosimama uchi jukwaani.

Mambo hayo yalikuwamo, hilo halikanushiki. Hata hivyo, uchi wenyewe ulidumu kwa sekunde zipatazo 20 tu, tena katika mwanga hafifu, ilhali mchezo mzima ulihusu jambo jingine kabisa: kijana anayeitwa jeshini kwa lazima, asiyetaka kuua wala kuuawa, lakini asiyeweza pia kukataa.

Mchezo huo, ambao jina lake maana yake ni ‘nywele’, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza jijini New York tarehe 17 Oktoba 1967, Marekani ikiwa imezama katika vita vya Vietnam. Huhesabiwa kuwa ndio ulioufungulia muziki wa roki milango ya kumbi kuu za maigizo za Broadway. Baadaye ulizunguka mabara kadhaa, ukapigwa marufuku hapa na pale, na mara mbili ukafikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani.

Zaidi ya nusu karne imepita tangu siku hizo, lakini swali lililoulizwa na mchezo huo halijazeeka: mwili wa kijana ni mali ya nani, yake mwenyewe au ya serikali yake?

Kadi mfukoni

Hapa Kenya kijana hujiunga na jeshi kwa hiari yake, na kila usajili unapotangazwa, maelfu hufurika viwanjani wakiomba wasiachwe nje. Katika Marekani ya miaka ya sitini, mambo yalikuwa kinyume.

Kila mwanamume alipotimiza umri wa miaka 18 alilazimika kisheria kujiandikisha, akapewa kadi ambayo alitakiwa kuwa nayo wakati wote. Halmashauri ndogo za mitaani ndizo zilizoamua ni nani aende vitani na ni nani abaki.

Aliyekuwa chuo kikuu aliweza kuahirishiwa wito huo hadi amalize masomo yake. Mtoto wa kibarua, ambaye aliingia kazini punde tu alipotoka shule, hakuwa na kinga hiyo. Kwa sababu hiyo mzigo wa vita uliwaelemea zaidi maskini, wakiwemo Wamarekani weusi wengi.

Kati ya mwaka wa 1964 na 1973, zaidi ya vijana milioni 1.8 waliingizwa jeshini kwa njia hiyo. Kufikia Aprili 1969, wanajeshi wa Marekani walioko Vietnam walikuwa wamefika takriban 543,000. Katika mwaka wa 1968 pekee walikufa karibu 17,000, na vita vilipokwisha idadi ya Wamarekani waliofariki ilikuwa imepita 58,000. Wavietnam waliouawa, askari kwa raia, walikuwa wengi zaidi mara nyingi.

Mnamo Agosti 1965 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyofanya kuharibu kadi ya usajili kuwa kosa, adhabu yake ikifikia kifungo cha miaka mitano gerezani. Licha ya tishio hilo, vijana waliendelea kuzichoma kadi zao hadharani.

Tarehe 4 Aprili 1967, Mchungaji Martin Luther King alihutubu katika kanisa moja jijini New York na kuvilaani vita hivyo waziwazi. Majuma matatu hivi baadaye, bingwa wa ndondi duniani Muhammad Ali alikataa kuapishwa jeshini mjini Houston, akapokonywa taji lake.

Siku nne baada ya mchezo wa ‘Hair’ kufunguliwa, makumi ya maelfu ya waandamanaji walikusanyika Washington na kuelekea Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi. Baadhi ya vijana walitia maua katika mitutu ya bunduki za askari waliowazuia.

Huo ndio wakati walipojitokeza vijana walioitwa mahipi. Wengi wao walikuwa watoto wa familia zenye uwezo wa wastani, walioziacha nyumba za wazazi wao na kwenda kuishi pamoja katika mitaa kama ile ya San Francisco na East Village huko New York. Walivaa shanga, walivuta bangi, walihubiri mapenzi bila masharti na waliona kwamba mali na cheo si vitu vya kumsumbua binadamu. Zaidi ya yote, walikataa vita. Wavulana wao hawakunyoa nywele.

Watunzi watatu

Waliouandika mchezo huu hawakuwa mahipi wenyewe. James Rado na Gerome Ragni walikuwa waigizaji waliokutana mwaka wa 1964 katika mchezo mmoja uliopinga adhabu ya kifo. Rado, aliyezaliwa mwaka wa 1932, alikuwa amekwisha kuhudumu katika jeshi la wanamaji kwa miaka miwili. Alipokuwa akiandika habari za kijana anayeogopa sare, aliijua sare hiyo kwa kuivaa.

Wawili hao walizoea kuzunguka katika mitaa ya East Village, wakizungumza na vijana na kuandika waliyoyasikia. Walisoma magazetini habari za wavulana waliofukuzwa shule kwa sababu ya kufuga nywele. Jina la mchezo walilipata katika jumba la makumbusho, walipoiona picha ya mchoraji Jim Dine iliyoitwa ‘Hair’.

Walichokosa ni mtu wa kuwatungia muziki. Walimpata Galt MacDermot, na hapa ndipo Afrika inapoingia katika kisa hiki.

MacDermot alizaliwa Montreal, Canada, mwaka wa 1928. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia, na kazi hiyo ikaipeleka familia Afrika Kusini. Kijana huyo akasomea muziki katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na nje ya darasa akasikiliza kwela, muziki wa filimbi uliokuwa ukipigwa barabarani katika mitaa ya Waafrika, pamoja na midundo ya ngoma ya wachimba migodi wanaocheza wakiwa wamevaa mabuti.

Baadaye mwenyewe alieleza kwamba mapigo ya kwela yalikaribiana sana na ya roki, na kwamba alichota humo. Hivyo basi, sehemu ya midundo iliyowachezesha vijana wa New York dhidi ya vita ilikuwa imetoka katika mitaa ya Waafrika waliokandamizwa na utawala wa ubaguzi wa rangi.

Jambo la kuchekesha ni kwamba MacDermot hakufanana kabisa na watu aliowatungia nyimbo. Alikuwa baba wa familia aliyeishi kwa utulivu Staten Island, akivaa suti na kunyoa nywele zake fupi. Muziki wa kwanza wa mchezo huo aliutunga kwa wiki chache tu.

Kutoka maktaba kuukuu hadi Broadway

Mtu wa kwanza kuthubutu kuuonyesha mchezo huo alikuwa Joseph Papp. Alikuwa amelipata jengo la zamani la maktaba jijini New York na kuligeuza kuwa ukumbi wa maigizo uitwao Public Theater. ‘Hair’ ndio mchezo uliochaguliwa kuuzindua ukumbi huo mnamo Oktoba 1967, ukapewa wiki chache tu za kuonyeshwa.

Miongoni mwa waliovutiwa alikuwamo tajiri wa Chicago, Michael Butler. Kwa kuwa tangazo la mchezo huo lilizungumza juu ya kabila la Kimarekani, Butler alidhani unawahusu wenyeji asilia wa nchi hiyo. Alipoutazama aligundua kwamba ‘kabila’ lenyewe ni kundi la vijana wa mjini, lakini hilo halikumkatisha tamaa. Alivipinga vita vya Vietnam, akaamua kuusimamia mchezo huo kwa fedha zake.

Mnamo Desemba 1967 mchezo ulihamia Cheetah, ukumbi wa disko, ukaonyeshwa huko kwa muda mfupi. Kisha ukafanyiwa marekebisho makubwa. Mwelekezi mpya, Tom O’Horgan, aliulegeza mpango wa kisa, nyimbo 13 mpya zikaongezwa, na onyesho la uchi, ambalo hapo awali halikuwako, likatiwa.

Tarehe 29 Aprili 1968 ‘Hair’ ulifunguliwa katika ukumbi wa Biltmore, Broadway. Martin Luther King alikuwa ameuawa siku 25 tu kabla ya hapo, na miji mingi ya Marekani ilikuwa bado na makovu ya moto wa ghasia zilizofuata. Rado na Ragni wenyewe waliigiza kama wahusika wakuu wawili.

Mchezo ulioandaliwa kwa wiki chache uliishia kuonyeshwa mara 1,750 katika ukumbi huo, hadi tarehe 1 Julai 1972.

Kijana asiyeweza kuamua

Mhusika mkuu wa mchezo ni Claude, kijana wa mtaa wa Flushing huko Queens, ambaye hupenda kujisingizia kuwa ametoka Manchester, Uingereza. Huishi na wenzake wanaojiita kabila: Berger, kiongozi wao mwenye mzaha mwingi, Sheila, mwanafunzi wa chuo kikuu anayeongoza maandamano, Hud, kijana mweusi mwenye kiburi cha rangi yake, Woof, mpole anayempenda mwanamuziki Mick Jagger, na Jeanie, msichana mjamzito ambaye moyo wake uko kwa Claude.

Kwa muda mrefu kisa hakiendi popote. Vijana wanaimba, wanavuta bangi, wanawakejeli wazazi na walimu, wanapendana na kuoneana wivu. Mtazamaji anaweza kudhani kwamba hakuna kisa chochote. Lakini wito wa jeshi umekwisha kumfikia Claude, na kila mzaha unaofanywa jukwaani unafanywa huku barua hiyo ikisubiri jibu.

Mwishoni mwa sehemu ya kwanza, wavulana wa kabila wanaziteketeza kadi zao mmoja baada ya mwingine huku wenzao wakiwashangilia. Zamu ya Claude inafika. Anaitia kadi yake motoni, kisha anaichomoa.

Tendo hilo dogo ndilo moyo wa mchezo wote. Claude si shujaa kama Muhammad Ali, wala si mzalendo anayekwenda vitani kwa furaha. Anawapenda wenzake, lakini sauti ya wazazi wake na ya nchi yake bado imo ndani yake. Vijana walioketi ukumbini, ambao baadhi yao walikuwa na kadi za namna hiyo hiyo mifukoni, waliuelewa mkono ule uliorudi motoni.

Mara tu baada ya hapo, Claude anapoimba akijiuliza aelekee wapi, ndipo waigizaji wanapoinuka uchi kutoka chini ya kitambaa kikubwa na kusimama kimya bila kutikisika. Hakuna mwigizaji aliyelazimishwa kuvua. Diane Keaton, ambaye baadaye alishinda tuzo ya Oscar kwa uigizaji wa filamu, alikuwa miongoni mwa waliochagua kubaki na nguo zao.

Katika sehemu ya pili Claude analeweshwa kwa dawa na kuona maruerue ya vita. Mbele ya macho yake watu wa kila zama wanauana, wanafufuka, kisha wanauana tena. Anapozinduka, muda umekwisha.

Wenzake wanamtafuta na hawamwoni. Claude amesimama katikati yao akiwa amevaa sare ya jeshi, nywele zake zimekatwa, naye anawaita lakini hawasikii. Hatimaye kundi linapotawanyika, mwili wake unaonekana umelala sakafuni. Amekufa vitani.

Hivyo ndivyo jina la mchezo linavyopata maana yake kamili. Nywele si pambo. Ndicho kitu cha kwanza ambacho jeshi huchukua kwa kijana siku anapoingia kambini, kabla ya kuchukua kingine chochote.

Weusi na weupe jukwaani

Takriban thuluthi moja ya waigizaji wa Broadway walikuwa weusi. Leo jambo hilo laweza kuonekana la kawaida, lakini mwaka wa 1968 halikuwa hivyo. Wengi wa waigizaji weusi walizoea kupewa nafasi za watumishi, au kuigiza katika michezo ya weusi watupu.

Katika ‘Hair’ walikuwa wenyeji kamili wa kabila. Majina ya matusi waliyoitwa na wabaguzi yaligeuzwa kuwa wimbo wa kejeli, na Rais Abraham Lincoln, anayesifiwa kwa kuwakomboa watumwa, aliigizwa na mwanamke mweusi. Melba Moore, mmoja wa waimbaji wa kundi hilo, baadaye aliichukua nafasi ya Sheila ambayo ilikuwa imeanzishwa na mwigizaji mzungu.

Hilo halikuwa suala la sura tu. Mchezo ulijaribu kuonyesha kwamba ubaguzi wa nyumbani na vita vya ng’ambo ni matawi ya mti mmoja: nchi iliyomnyima kijana mweusi haki zake ndiyo iliyomtaka aende kufa akiitetea.

Nyimbo zilizotoka ukumbini

Muziki wa MacDermot haukubaki Biltmore. Albamu ya waigizaji wa Broadway ilikaa kileleni mwa orodha ya Billboard kwa wiki 13 mwaka wa 1969, na tangu wakati huo hakuna albamu nyingine ya mchezo wa Broadway iliyofika nafasi hiyo ya kwanza. Ilishinda pia tuzo ya Grammy.

Kundi la The 5th Dimension liliziunganisha nyimbo mbili za mchezo huo, ‘Aquarius’ na ‘Let the Sunshine In’, zikaongoza Marekani kwa wiki sita mwaka huo huo na kutawazwa rekodi bora ya mwaka katika tuzo za Grammy. Nina Simone naye alichukua nyimbo nyingine mbili akazifanya moja, na mwaka wa 1968 wimbo huo ukavuma mno Uingereza.

Hata hivyo, umaarufu huo ulikuwa na gharama yake. Zikipigwa redioni peke yake, nyimbo hizo zilisikika kama nyimbo za furaha za majira ya joto. Wimbo wa mwisho, ule unaoomba jua liingie, huimbwa ukumbini maiti ya Claude ikiwa imelazwa sakafuni. Aliyeusikia redioni tu hakuweza kujua kwamba ni maombolezo.

Mbele ya majaji

Upinzani haukukawia. Mnamo Juni 1970, wanaanga wawili wa chombo cha Apollo 13, Jim Lovell na Jack Swigert, waliondoka Biltmore kabla ya mchezo kwisha. Walichukizwa na jinsi bendera ya taifa ilivyotumiwa jukwaani.

Huko Boston, mwendesha mashtaka alitaka mchezo ufungwe. Majaji wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts walikwenda wenyewe kuutazama, kisha wakaamuru waigizaji wavae nguo. Wenye mchezo waliona afadhali wafunge ukumbi kuliko kubadilisha kitu. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mnamo Mei 1970, majaji waligawanyika nne kwa nne, na hivyo uamuzi wa mahakama ya chini uliouruhusu mchezo ukasimama.

Kesi ya pili ilitoka mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee. Mwaka wa 1971 bodi iliyosimamia kumbi za mji ilikataa kuukodisha ukumbi kwa mchezo huo, ingawa hakuna hata mjumbe mmoja aliyekuwa ameutazama au kuusoma. Walitegemea waliyoyasikia.

Tarehe 18 Machi 1975 Mahakama ya Juu iliamua kwamba bodi hiyo ilivunja katiba, kwa kuwa iliuzuia usemi kabla haujatolewa bila kufuata utaratibu wa kulinda haki za msemaji. Uamuzi huo hutajwa hadi leo katika kesi za uhuru wa kujieleza nchini humo.

Hata hivyo, mahakama hiyo hiyo haikuwa laini kwa vijana waliofanya mitaani yale yaliyoigizwa jukwaani. Tarehe 27 Mei 1968, wiki nne baada ya mchezo kufunguliwa Broadway, ilikuwa imeamua katika kesi ya kijana aliyechoma kadi yake mjini Boston kwamba sheria ya 1965 ni halali. Usiku huo wa Mei, kuchoma kadi jukwaani kulikuwa sanaa. Kufanya hivyo barabarani kulikuwa kosa la kupelekwa jela.

Huko ng’ambo

Uingereza ilikuwa na sheria iliyomruhusu afisa wa kasri la kifalme, Lord Chamberlain, kuichuja michezo yote ya kuigiza. Mamlaka hayo yalikuwako kisheria tangu mwaka wa 1737. Yalifutwa tarehe 26 Septemba 1968, na kesho yake ‘Hair’ ukafunguliwa katika ukumbi wa Shaftesbury jijini London. Ulionyeshwa huko mara 1,997, hadi sehemu ya paa la ukumbi huo ilipoporomoka mnamo Julai 1973.

Mjini Munich, Ujerumani, mmoja wa waimbaji wake alikuwa msichana Mmarekani mweusi ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Donna Summer. Huko Sao Paulo, Brazil, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa kijeshi, mwigizaji Sônia Braga alianzia humo.

Mnamo Mei 1969 ulifunguliwa Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia ya wakati huo, na ikawa mara ya kwanza kuonyeshwa katika nchi ya kikomunisti. Acapulco, Mexico, haikuuvumilia. Mwezi Januari mwaka huo ulionyeshwa usiku mmoja tu, serikali ikaufunga na waigizaji wakaamriwa kuondoka nchini.

Filamu na kufufuliwa

Mwaka wa 1979 mwelekezi Miloš Forman aliutoa mchezo huo kama filamu. Forman alikuwa mzaliwa wa Czechoslovakia. Wazazi wake walifia katika kambi za Wanazi, na mwaka wa 1968 nchi yake ilivamiwa kwa vifaru vya Urusi na washirika wake. Hakuhitaji kufundishwa juu ya serikali zinazomiliki miili ya watu.

Katika filamu yake, Claude anatoka jimbo la mashambani la Oklahoma na anakubali kuingia jeshini. Berger anajipenyeza kambini akiwa amenyoa nywele, akashika nafasi ya rafiki yake kwa saa chache ili aweze kumwona msichana anayempenda. Amri ya kusafiri inatolewa kabla Claude hajarudi. Berger anasafirishwa Vietnam badala yake, na huko anakufa.

Rado na Ragni hawakuipenda filamu hiyo, wakisema kwamba haukuwa mchezo wao tena. Ragni alifariki mwaka wa 1991, MacDermot mwaka wa 2018 na Rado mwaka wa 2022.

Jaribio la kuurudisha mchezo huo Broadway mwaka wa 1977 liliambulia patupu. Vita vilikuwa vimekwisha, na ulionekana kama nguo iliyopitwa na wakati. Lakini mwaka wa 2008, Marekani ikiwa vitani Iraq na Afghanistan, mwelekezi Diane Paulus aliuonyesha katika bustani ya Central Park, na mwaka uliofuata ukarudi Broadway na kushinda tuzo ya Tony ya mchezo bora wa muziki uliofufuliwa. Mwaka wa 1969 ulipokuwa mpya uliteuliwa kuwania tuzo hiyo ya Tony na ukakosa.

Lawama zake

Si haki kuusifu mchezo huu bila kutaja kasoro zake. Unazungumza juu ya dawa za kulevya kwa wepesi ambao wazazi wengi waliozika watoto wao kwa sababu ya dawa hizo hawawezi kuukubali. Wasichana wake, hata Sheila mwenye kuongoza maandamano, huishia zaidi kuwapenda wavulana na kuumizwa nao. Wavietnam, ambao nchi yao ndiyo iliyokuwa ikiungua, karibu hawamo.

Wako pia mahipi waliolalamika kwamba maisha yao yalifungwa katika karatasi nzuri na kuuziwa watalii wa Broadway. Lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini mtalii aliyelipa kiingilio ili aone uchi wa sekunde 20 aliondoka pia akiwa ameona maiti ya kijana, na huenda ana mtoto wa rika lake nyumbani.

Serikali ya Marekani iliacha kuwaita vijana jeshini kwa lazima mwaka wa 1973. Si mchezo wa kuigiza uliovimaliza vita vya Vietnam. Tarehe 30 Aprili 1975 mji wa Saigon ulitekwa na majeshi ya Kaskazini, majuma sita baada ya majaji kuamua kwamba watu wa Chattanooga wanaruhusiwa kuutazama mchezo uliovipinga vita hivyo.

Kwa miaka saba kulikuwa na mabishano katika mahakama, bodi na kumbi kuhusu miili ya vijana wachache waliosimama bila nguo. Miili iliyorudishwa nyumbani ndani ya majeneza haikuwahi kuitiwa kikao cha bodi yoyote ya mji.